Huyu Mel Sheppard wa London 1908 alikuwa moto kweli au alikuta wapinzani wepesi?

Mzee_wa_Mia_Nane:

Wakuu habari za muda huu. Mi ni mpenzi wa mbio za kati hasa mita 800, nimezifuatilia tangu enzi za kusikiliza redioni mpaka sa hivi tunaangalia kwenye simu. Juzi nilikuwa napitia washindi wa Olimpiki wa 800 kuanzia mwanzo kabisa, nikakutana na huyu jamaa Melvin Sheppard, Mmarekani. London 1908 kabeba dhahabu tatu, ya 800, ya 1500 na ya kupokezana. Tatu! Nikasema huyu lazima na rekodi ya dunia anayo, nikaenda kwenye orodha ya rekodi za 800 za wanaume, hayupo. Orodha inaanza na Ted Meredith, 1912, muda 1:51.9, Sheppard hata kivuli chake hakionekani.

Alafu cha kushangaza huyo Meredith ndo huyohuyo aliyemfunga Sheppard fainali ya Stockholm 1912, tena dogo wa miaka 20 alikuwa bado yuko shule ya bweni. Na nimeona pia kwamba Sheppard aliomba kazi ya polisi New York wakamkataa eti moyo wake ni dhaifu. Moyo dhaifu na dhahabu tatu vinakaaje kwenye kifua kimoja?

Sasa naomba kueleweshwa, huyu mtu alikuwa moto kweli au ndo zile enzi ambazo ukijitokeza tu na viatu unapewa medali? Na mbona rekodi yake haihesabiwi? Na ile 1912 ilikuwaje, alikuwa ameshachoka?

Kibuyu:

1:52 mkuu? Sa hivi huo ni muda wa mashindano ya mashule, mtoto anamaliza alafu anaulizwa kwanini umechelewa 😂😂 Enzi zile hata mimi ningepata shaba.

kocha_mstaafu:

Kibuyu punguza utani, hiyo 1:52 ungeikimbia hata kwa pikipiki?

Mzee nianze na orodha maana hilo ndo jepesi. Shirikisho la riadha la dunia lilianzishwa Julai 1912 hapohapo Stockholm, michezo ikiwa inaelekea kuisha. Kabla ya hapo hapakuwa na chombo cha dunia cha kugonga muhuri, kila nchi na klabu ilikuwa na daftari lake. Sheppard alikimbia 1:52.8 mwaka 1908 na watu wa wakati ule walijua kabisa huo ndo muda bora wa 800 ulimwenguni, ila walipokuja kufungua orodha rasmi wakaanza na Meredith aliyekuwa kamaliza mwezi huohuo. Kwa hiyo Sheppard hakunyang'anywa kitu, alizaliwa mapema tu.

Kuhusu ushindani, hapa ndo napenda watu wakae chini wasikilize. London 1908 ile 1500 ilikuwa na makundi manane ya mchujo na kwenye kila kundi anapita mmoja tu, wa kwanza. Hakuna cha muda bora wala cha wa pili anaokolewa. Sasa kulikuwa na Mwitaliano anaitwa Emilio Lunghi, alipangwa kundi moja na Mwingereza Norman Hallows. Hallows akashinda kwa 4:03.4, ikawa rekodi ya Olimpiki, Lunghi akaja wa pili 4:03.8, akaambiwa pole chukua begi lako. Sheppard yeye kwenye kundi lake alishinda kwa 4:05.0 akapita. Yaani mtu aliyekimbia haraka kuliko Sheppard siku ile yuko jukwaani anaangalia fainali! Na fainali yenyewe angalia: Sheppard 4:03.4, Harold Wilson wa Uingereza 4:03.6, Hallows 4:04.0. Ule muda wa Lunghi wa mchujo ungempa shaba.

Kwa hiyo anayesema Sheppard alibebwa na ratiba ana kahoja kidogo kwenye 1500. Ila huyo Wilson aliyefungwa na Sheppard hakuwa mtu wa mchezo, ndo binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 kwenye 1500, alikimbia 3:59.8 Mei ya mwaka huohuo. Wilson ndo aliyekuwa mbele wakiingia nyoosho la mwisho, Waingereza wameshaanza kushangilia, Sheppard akamtoa zikiwa zimebaki mita chache kufika kwenye utepe. Huwezi kumtoa mtu wa namna hiyo kwa bahati.

Alafu wiki moja mbele, tarehe 21 Julai, ndo 800. Na pale hakusubiri mtu. Kulikuwa na Mwingereza Fairbairn-Crawford alichomoka mwanzoni kama amemwagiwa maji ya moto, wenzake wengi wanasema ilikuwa mbinu ya kuwavuta Wamarekani waungue mapema. Sheppard akamfuata, akampita, akapita mita 400 kwa sekunde 53.0 na hakurudi nyuma tena. Crawford hata kumaliza hakumaliza. Lunghi yuleyule wa kwenye 1500 ndo akaja wa pili, 1:54.2, na Mjerumani Hanns Braun wa tatu 1:55.2. Sekunde nzima na pointi 4 kati ya wa kwanza na wa pili, kwenye fainali ya Olimpiki ya 800 hiyo ni kama mtaa mzima.

Pembeni_ya_Uwanja:

Kocha umemaliza, naongezea kitu kimoja tu kwa wale wanaofikiria raundi mbili kama tulivyozoea. Uwanja ule wa White City haukuwa wa mita 400. Ulikuwa wa raundi tatu kwa maili moja, yaani raundi moja ni kama mita 536. Kwa hiyo 800 ilikuwa raundi moja na nusu na 1500 haifiki hata raundi tatu. Kona zake zilikuwa ndefu ndefu na pana, katikati ya uwanja wamechimba bwawa la kuogelea la mita 100 na nje ya njia ya wakimbiaji kuna njia ya baiskeli ya zege iliyoinamishwa. Ukisikia kengele ya raundi ya mwisho kwenye 800 ile ujue bado una zaidi ya nusu ya mbio.

Na chini ni vumbi la makaa ya mawe lililoshindiliwa, likinyeshewa linakuwa uji, likikauka linateleza. Ile Julai ya London ilikuwa ya mvua mvua. Saa nazo ni za mkononi, zilikuwa zinasoma moja ya tano ya sekunde, ndo maana unaona 52.8, 53.0, 54.2, 55.2, hakuna namba ya witiri baada ya nukta. Stockholm walikuwa na mtambo wa umeme wa kusaidia kupima muda ndo ukaanza kuona vitu kama 51.9.

Kibuyu:

Sawa nimekaa chini. Ila bado mnanieleza kuhusu vumbi, mi nauliza mguu.

dadaSpaiki:

Kibuyu njoo nikueleze mguu mimi niliyekimbia 800 miaka sita. Chukua huo muda wa kocha, 400 ya kwanza 53.0, jumla 1:52.8, maana yake 400 ya pili kaikimbia kwa 59.8. Tofauti karibu sekunde 7. Mtu asiyekimbia ataona amechoka, mtu anayekimbia anajua huyo jamaa mita 250 za mwisho alikuwa anakufa akiwa wima. Mi niliwahi kwenda mbele hivo mara moja tu, nilipita 400 sekunde 3 chini ya nilichoambiwa na kocha wangu, najiona malaika. Nikafika 550 mikono ikaanza kupanda juu yenyewe, mabega yanagusa masikio, nikafika 650 miguu si yangu tena, ni ya mtu mwingine na huyo mtu hanipendi. Mtu wa nyuma anakusikia unavohema na anajua kabisa umekwisha. Nilipitwa na watu wanne kwenye nyoosho, na wa tano alinipita nimeshavuka mstari nimelala 😅

Sasa yeye alifanya hivo kwenye fainali ya Olimpiki na hakuna aliyemfikia. Kukimbia mbele kwa namna hiyo ni kusema mi naumia lakini nyinyi mtaumia zaidi. Kwangu mimi 800 yake ni kubwa kuliko 1500 yake, ingawa kwenye 1500 ndo alikimbia kwa akili.

Mzee_wa_Mia_Nane:

Daah asanteni sana wakuu, nimecheka hapo kwa "huyo mtu hanipendi".

Hivi sasa dada umenikumbusha kitu, mji huohuo wa London 2012, Rudisha naye alikaa mbele mwanzo mwisho. 49.28 ya kwanza, akamaliza 1:40.91, hivo ya pili 51.63. Tofauti ya sekunde mbili na kidogo tu. Miaka 104 katikati, mji mmoja, mbinu ileile, ila mmoja kajipima kama mfanyabiashara na mwingine kama mtu anayelipa kwa mkopo.

Bado hamjanigusia 1912 na ule moyo. Na ile dhahabu ya tatu.

kocha_mstaafu:

Ya tatu ilikuwa ya kupokezana ila sio 4x400 ya sa hivi. Wawili wanakimbia 200, mmoja 400, wa mwisho 800. Marekani waliweka Hamilton na Cartmell kwenye 200, John Taylor kwenye 400 na Sheppard akafunga, 3:29.4. Wajerumani wa pili, wao aliyefunga alikuwa Braun, aliwavuta Wahungari kwenye hatua za mwisho mwisho kabisa.

Na niseme kidogo kuhusu John Taylor maana huwa anapitwa. Huyo ndo Mmarekani mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, kupitia mbio hiyohiyo. Kabla ya hapo alikuwa kwenye fainali ya 400 ile yenye fujo, mwenzake Carpenter akadaiwa kumziba Mwingereza Halswelle, mbio zikafutwa, wakaambiwa warudie, Wamarekani wawili waliobaki wakagoma akiwemo Taylor, Halswelle akakimbia peke yake uwanjani kama anayepasha mwili. Taylor alirudi nyumbani na dhahabu yake Julai, Desemba hiyohiyo akafa kwa homa ya matumbo, miaka 26. Yeye na Sheppard walikuwa klabu moja, Irish American Athletic Club ya New York, klabu ya Waayalandi lakini ilipokea Wayahudi na weusi wakati klabu nyingine za mji ule zilikuwa zinachagua sura.

Sasa hapo kwenye klabu ndo kichekesho cha polisi kinapoingia. Klabu ile ilijaa askari. Martin Sheridan mrusha kisahani ni polisi, Matt McGrath wa nyundo ni polisi, Flanagan wa nyundo naye polisi, majitu makubwa kama makabati. Sheppard naye akataka sare kama wenzake, daktari akamsikiliza kifua akamwambia hapana moyo huu hautufai. Sijui kama alicheka au alikasirika, mi ningeenda na medali zangu nikaziweka mezani.

dadaSpaiki:

Hapo kwenye moyo niongeze. Moyo wa mtu anayefanya mazoezi ya mbio miaka mingi unakuwa mkubwa kuliko wa kawaida, ukiwa umepumzika unapiga taratibu sana, na wengine wanakuwa na kamlio ka ziada. Zamani hizo daktari ana kipima kifua na masikio yake basi, na wengi waliamini kabisa kwamba mbio zinaharibu moyo, kwamba moyo mkubwa ni moyo mgonjwa. Sisemi ndo ilivyokuwa kwa Sheppard, ila moyo kama huo ukipelekwa kwa daktari wa mwaka ule asiyemjua mwenyewe, kukataliwa sio ajabu.

Kibuyu:

Kwa hiyo walimnyima kukimbiza wezi kwa sababu anakimbia sana 😂😂😂

Pembeni_ya_Uwanja:

😂😂 Umefika pale Kibuyu.

Ya 1912 niachieni mimi maana naipenda mbaya. Watu wengi wakiona Sheppard kapewa fedha na Meredith dhahabu wanasema mzee kachoka, alikuwa na miaka 28. Angalieni namba. 1908 alipita 400 kwa 53.0 akamaliza 1:52.8. Stockholm alipita 400 kwa 52.4, mbele tena vilevile, akamaliza 1:52.0. Ukitoa, ya pili ni 59.6. Yaani kakimbia mbio ileile karibu mita kwa mita, tena kaboresha mwanzo na mwisho, kapunguza pointi 8 kwenye muda uliompa dhahabu na rekodi. Na kapoteza! Meredith 1:51.9, Sheppard 1:52.0, Ira Davenport naye 1:52.0. Watu watatu ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Meredith alimfunga Sheppard aliye bora kuliko yule wa London.

Na dogo hakuishia hapo, alipokata utepe wa 800 akaendelea mpaka kwenye utepe mwingine wa yadi 880, hizo ni kama mita 4 na nusu zaidi, wakampa rekodi na ya huko, 1:52.5.

Mzee_wa_Mia_Nane:

Hapo mkuu umeniacha mdomo wazi. Kwa hiyo kosa lake lilikuwa kwenda mbele? Angekaa nyuma kama alivyofanya kwenye 1500 ya London angeshinda?

dadaSpaiki:

Mi nasema ndio. Kilichomponza ni kwamba wote walishajua atafanya nini. London aliwashtukiza, Stockholm wamekaa mgongoni wanamngoja aive. Ukiwa mbele na sekunde 52 watu wanapanda basi la bure.

kocha_mstaafu:

Dada nakukatalia hapo. Angalia alikuwa anakimbia na nani. Fainali ya watu 8, Wamarekani 6, Mkanada Brock, na Braun. Braun huyo wiki hiyohiyo alipata fedha kwenye mita 400 kwa 48.3, nyuma ya Reidpath 48.2. Ukienda naye taratibu mpaka mita 200 za mwisho umejichimbia kaburi, miguu ya 48 hiyo utaizuia na nini? Dawa ya mtu mwenye mbio za mwisho ni kumchosha mapema, na ndivyo ilivyokuwa, Braun alimaliza wa sita. Sheppard alimuua aliyepaswa kumuua. Shida ni kwamba nyuma yake alikuwepo dogo ambaye hakuwa kwenye hesabu za watu wengi.

Na huyo dogo alikuja kuonyesha hakubahatisha, 1916 alikimbia yadi 440 kwa 47.4 na 880 kwa 1:52.2. Kwa hiyo Meredith naye angekushinda hata kwa mwendo wa taratibu.

dadaSpaiki:

Kocha sawa nakubali kwa Braun. Kwa Meredith bado nang'ang'ana 😏 sehemu moja ya kumi ni kidole, mtu akipunguza nusu sekunde kwenye 400 ya kwanza inarudi mwishoni na faida. 52.4 kwenye vumbi la makaa, mwaka 1912, hiyo ni kiburi.

Pembeni_ya_Uwanja:

Kiburi ndo kilichompa 1908 lakini. Huwezi kukichukua siku ya harusi ukakikataa siku ya msiba.

Na hakurudi mikono mitupu, tarehe 15 Julai wakamweka mkimbiaji wa kwanza kwenye 4x400, wakafuata Lindberg, Meredith na Reidpath. 3:16.6, rekodi ya dunia, Ufaransa wa pili mbali kabisa. Yaani wiki moja baada ya kufungwa na Meredith kasimama upande mmoja naye wanavaa dhahabu. Ukijumlisha ni dhahabu nne na fedha moja kwenye Olimpiki mbili. Fainali ya 1500 ya Stockholm nayo alikuwemo, ila ile ilienda kwa Mwingereza Arnold Jackson 3:56.8, mbio nyingine kabisa, siku nikipata muda nitaileta maana wa pili na wa tatu ilibidi waangalie picha ndo wajue nani ni nani.

Mzee_wa_Mia_Nane:

Nashukuru sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Kwa hiyo jibu langu ni alikuwa moto, na wapinzani hawakuwa wepesi.

Kanibakia Lunghi tu kichwani. Kazuiwa kwenye 1500 na sheria ya wa kwanza pekee, kapata fedha kwenye 800. Aliwahi kulipa kisasi?

kocha_mstaafu:

Kwa saa alilipa. 1909 alienda kukimbia huko Amerika, na Septemba Montreal akakimbia yadi 880 kwa 1:52.8. Muda uleule wa Sheppard pointi kwa pointi, ila njia yake ni ndefu kwa mita 4 na nusu. Ukiipiga hesabu Lunghi alikuwa ameshapita mita 800 kwenye 1:52.1 au 1:52.2 hivi. Dhahabu lakini haijali hesabu za mwaka unaofuata.

Braun ndo mwisho wake ulikuwa mgumu. Alikuwa rubani wa Wajerumani kwenye Vita vya Kwanza, akafa Oktoba 1918, mwezi mmoja kabla vita haijaisha. Sheppard mwenye moyo mbovu akaishi mpaka Januari 1942.

Kibuyu:

Wakuu nimetoka uwanjani sasa hivi, nimesema ngoja niwathibitishie. 400 ya kwanza sekunde 71. Ya pili sina taarifa nayo.

dadaSpaiki:

Ulifika wapi?

Kibuyu:

550. Mikono ilipanda juu yenyewe kama ulivyosema.